Anayemkaripia mgeni kundini ndiye aanze kuonywa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowapokea wageni katika makundi ya WhatsApp ya mitaa, jambo ambalo mimi mwenyewe, nikiwa msimamizi wa kundi moja hapa Makorora, Tanga, nililiharibu kabla ya kulielewa.

Mwezi uliopita mama mmoja aliyehamia mtaani aliingizwa kundini, na siku hiyohiyo akatuma picha za vitenge anavyouza, chini kabisa ya tangazo la msiba. Desturi yetu ni kwamba pakiwa na msiba hapatumwi jambo jingine hadi mazishi yaishe. Mzee mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, akamuuliza mbele ya watu zaidi ya mia mbili alikolelewa. Mama akajibu kwa ukali, wenyeji wakamvamia, nami nikamtoa, nikidhani nimetuliza fujo. Siku ya tatu, nilipopitia maelezo ya kundi, ndipo nilipogundua kwamba desturi hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwamo vichwani mwetu tu.

Mkasa huu si wa Tanga pekee, wala si wa leo. Katika Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanzia Marekani kabla ya intaneti kuenea, kila Septemba waliingia wanafunzi wapya wa vyuo vikuu wasiojua desturi, na wakongwe wakawavumilia hadi wakazoea. Tangu Septemba 1993 wageni hawakukatika tena, hasa baada ya AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kuwafungulia mlango wateja wake, na wakongwe kwa uchungu wakauita mwezi ule Septemba isiyokwisha. Mji wetu nao, kwa kazi za bandari na za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, unapokea watu kila siku, na haiwezekani kila mmoja afundwe baada ya kukosea.

Ndiyo maana nasema kwamba mgeni akikosea na mwenyeji akamtukana, aanze kuonywa mwenyeji, kwa kuwa mmoja amekosa kwa kutojua na mwingine amekosa huku akijua. Tunapenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe hajaketi, tena tunamshikisha upande wa makali. Tangu 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote usionekane na mtu, kwa hiyo vitenge vile ningevifuta kimya kimya, kisha nikamweleza mama faraghani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa uonevu uliokithiri, lakini kumfikisha jirani polisi kwa neno la hasira ni kuukoroga mtaa mzima.

Sasa kanuni zetu zimeandikwa, mistari sita tu, na kila anayeingia hutumiwa. Nilikwenda kumwomba radhi mama yule. Alinikaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, ila kurudi kundini amekataa, nami sikumlaumu. Kilichobaki kigumu ni yule mzee, kwani ndiye anayetangulia kuchangia kila msiba, na wenzangu wawili katika usimamizi wanasita kumwonya. Ningefurahi kusoma katika safu hii wasimamizi wengine hufanyaje mkosaji anapokuwa mtu wanayemhitaji.

Msimamizi wa kundi la mtaa,
Makorora, Tanga