Eti taamuli inanenepesha ubongo?

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na watoto uwasalimie. Umeuliza kama ni kweli taamuli, yaani kukaa kimya ukifuata pumzi ili kutuliza akili, ukiifanya wiki 8 inanenepesha ubongo. Habari hiyo ina mzizi, ila matawi yamezidi.

Mwaka 2011 watafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Marekani, waliwapiga watu 16 picha za ubongo kwa mashine ya MRI kabla na baada ya mafunzo ya taamuli ya wiki 8, wakaona badiliko dogo kwenye hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Watu 16, tena haikupigwa kura nani afunzwe na nani asifunzwe. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kilichapisha uchunguzi uliounganisha majaribio mawili, watu zaidi ya 200, kwa kura safari hii, na umbo la ubongo halikubadilika. Mimi nauamini huu wa pili.

Utendaji wa ubongo ni habari nyingine. Ukikaa bila shughuli, kuna sehemu za katikati, mbele na nyuma, zinazochangamka pamoja: ndizo za mawazo ya kutangatanga, deni la juzi, neno la wifi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale, 2011, ulikuta zimetulia zaidi kwa waliobobea katika taamuli kuliko kwa wageni wa mambo hayo.

Sasa ukae vipi? Kitini au jamvini, mgongo wima bila kuukaza, simu uitegee dakika 10. Chagua pahali pamoja unapoisikia pumzi, puani au tumboni, usihamehame. Pumzi iache ijiendee. Ukivuta kwa kina na haraka, kaboni daioksaidi hupungua mwilini, mishipa ya damu ya ubongo hubana, kichwa kinazunguka na vidole vinachoma kama sindano. Kuna wanaodhani hapo ndipo zoezi limekolea. Kumbe wamepumua kupita kiasi tu.

Akili itatoroka kabla ya pumzi ya tano. Usijigombeze. Sema kimoyomoyo "nawaza", kisha irudishe. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, na hata ukiirudisha mara 40 hujaharibu kitu. Wengi huacha mapema kwa sababu mawazo hayajakoma. Hayakomi, shoga.

Usingizi ukikuzidi, fumbua macho, tazama sakafu kama mita moja mbele yako. Baada ya pilau ya mchana usijaribu kabisa.

Kitu kimoja tu nakusihi: zikikujia kumbukumbu za kutisha, usikazane nazo. Fumbua macho, kandamiza nyayo sakafuni, sikiliza sauti za nje. Zikijirudia, simamisha zoezi, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Na dawa ulizoandikiwa usiziache kwa ajili ya haya.

Ukishazoea dakika 10, ongeza hadi 15. Mafunzo yale ya wiki 8 huagiza dakika 45 kila siku nyumbani, lakini hata wale 16 wa 2011 walifanya wastani wa 27 tu.

Wako,
Rukia