Ndege ya kwanza kusajiliwa Kenya haikuwa Moth

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika hapa kuwa ndege ya kwanza kuingia katika daftari la usajili la Kenya ni Gipsy Moth, ndege ndogo ya Kiingereza. Kwa heshima zote, naomba nimsahihishe. Ilikuwa DH.51, ndege ya kampuni hiyohiyo iliyounda Moth, na jina lake ni Miss Kenya.

Nilikuwa fundi wa ndege pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kwa miaka 31. Kabla ndege ndogo haijaondoka, rubani huzima moja kati ya magneto mbili, vifaa vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini, mlio wa injini ukashuka kidogo, akaiwasha tena, kisha akazima ya pili. Huo mshuko wa mlio nausikia hata usingizini, maana ndio unaonipa hakika kwamba magneto moja ikifa angani, nyingine itawarudisha watu nyumbani.

DH.51 ya kwanza haikuwa na uhakika huo. Kampuni ya de Havilland iliiunda Uingereza mwaka 1924 iwe ndege ya matembezi, rubani na abiria wawili, kwa bei ya chini. Unafuu ulitoka kwenye injini za nguvu farasi 90 zilizobaki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizouzwa karibu bure. Lakini zilikuwa na njia moja tu ya cheche, na wakaguzi wakakataa kuipa cheti bila saa zaidi za majaribio. Walifanya haki. De Havilland wakaweka injini nyingine, Airdisco ya silinda nane, nguvu farasi 120. Ikaruka vizuri, bei ikapanda, wanunuzi wakapotea. Ziliundwa tatu tu.

Kisha mbunifu wa injini Frank Halford akachukua silinda nne, nusu ya Airdisco hiyohiyo, akaunda injini ndogo ya Cirrus. Ndiyo iliyoirusha Moth ya kwanza Februari 1925. Kwa hiyo Moth inayosifiwa ina deni kwa dada yake asiyenunuliwa, DH.51.

DH.51 ya tatu, ndiyo Miss Kenya, ililetwa Mombasa kwa meli, ikarushwa na John Carberry. Ikasajiliwa G-KAA, baadaye VP-KAA. Ilirudi Uingereza mwaka 1965, na mpaka leo inatunzwa Old Warden, kwenye mkusanyo wa ndege za kale huko Uingereza.

Sidai irudishwe, wanaoitunza wanajua kazi yao. Naomba tu kibao chenye herufi VP-KAA kiwekwe mahali wanafunzi wetu wa ufundi watakiona. Gharama ya kukichonga niko tayari kuchangia.

Fundi mstaafu,
Lang'ata, Nairobi