Krismasi iliniponza kwa kununa

Mhariri,

Krismasi ikikaribia, mimi huanza kukosa usingizi. Mume wangu alilelewa katika nyumba isiyopamba wala kupeana zawadi. Mimi nililelewa kwenye shamrashamra. Mwaka jana nilinuna kutwa nzima kwa kuwa hakunipa kitu, naye, maskini, hakujua kosa lake. Usiku nikafungua Warumi 14. Paulo anasema mmoja huona siku fulani kuwa bora, mwenzake huziona zote sawa, na kila mtu awe na hakika akilini mwake. Kumbe nilimhukumu kwa matarajio ambayo sikuwahi hata kuyatamka! Safari hii nimemwambia mapema ninachotamani. Mapambo nitayatundika mwenyewe. Akisahau tena, nitasali kwanza, ndipo ninune.

Mama wa watoto wawili