Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: roboti za baharini, kampuni tupu na akiba ya watu wa Kibaigwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kibaigwa, na kwa miaka sita sasa ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 34: wachuuzi wa mahindi, mama lishe, wapakizi wa magunia, vijana wawili wa bodaboda na walimu wenzangu wanne. Bahari wengi wetu tumeiona mara moja moja, tukienda Dar es Salaam kwa matibabu au kwa msiba. Hata hivyo nakuandikia juu ya hisa zinazouzwa kwa jina la bahari.

Mwezi uliopita kijana mmoja nadhifu alikuja kwenye kikao chetu. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", tukampigia makofi. Akafungua kompyuta mpakato, akatuonyesha roboti ikikagua bomba katika giza la kilindi. Alisema kampuni inayoitengeneza iko ng'ambo, na karibu itaingia soko la hisa la Marekani kwa njia ya muungano na kampuni nyingine, wala haitapita njia ndefu ya kuuza hisa kwa umma. Anayeingia kabla ya muungano, alisema, ananunua kwa bei ya shambani. Kisha likaja jedwali la mapato ya miaka mitano ijayo, mistari ikipanda kama ngazi ya mnara wa simu. Alitaka shilingi milioni 12 kati ya milioni 19 tulizokuwa nazo. Nilipomwomba karatasi yoyote kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, inayosimamia uuzaji wa hisa nchini, alijibu kwamba kwa hisa za nje haihitajiki.

Tulipiga kura. Waliokataa 18, waliokubali 16. Jina la kijana na la kampuni nayaacha, kwa sababu sina ushahidi kwamba alidanganya. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mimi, mtu niliyekabidhiwa fedha za watu, sikuweza kuwaeleza wenzangu kwa nini tukatae. Nilikataa kwa woga tu. Tangu siku ile nimekaa wiki tatu nikisoma, mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma akinisaidia, na niliyoyaelewa ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Roboti hizi ni za kweli, na zina kazi. Mei 12, 2024 intaneti ilipozorota nchi nzima, sisi tusio na hata mtumbwi tuliathirika siku ileile, kwa sababu nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika chini ya bahari, kusini huko upande wa Afrika Kusini. Gesi ya Songo Songo, inayozalisha umeme tangu 2004, hupita kwenye bomba chini ya bahari kabla ya kufika nchi kavu. Vitu hivyo lazima vikaguliwe, na mahali asipofika mzamiaji hushuka chombo. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 3,000 ni kama mara 300. Mawimbi ya redio hayasafiri mbali majini, kwa hiyo chombo kisicho na waya huwasiliana na binadamu kwa sauti, polepole, kwa ujumbe mfupi mfupi. Ndiyo maana roboti za kazi kwa miaka mingi zimefungwa waya na kushushwa kutoka kwenye meli kubwa, ambayo kuikodi kwa siku moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Anayetaka kuachana na waya na meli ile hana budi kuipa roboti uwezo wa kuamua yenyewe gizani. Ni kazi ngumu, ya heshima, na haimalizwi kwa miaka miwili.

Fedha ya kazi kama hiyo lazima iwe fedha inayoweza kusubiri. Ya kwetu haiwezi. Tunavunja kikundi kila Desemba ili watoto waende shule Januari.

Sasa huo muungano. Kampuni inayotumika kwa njia hiyo kwa Kiingereza wanaiita SPAC. Mimi naiita kampuni tupu, kwa sababu inapoingia sokoni haina kiwanda, haina bidhaa, haina mteja. Ina fedha tu. Watu huichangia kwa dola 10 kila hisa, fedha inafungiwa kwenye akaunti ya amana, na waanzilishi hupewa muda, mara nyingi miaka miwili, watafute kampuni ya kweli ya kuungana nayo. Wakiipata, kampuni ile inajikuta imeingia soko la hisa. Kwa kazi hiyo waanzilishi hupata karibu moja ya tano ya hisa zote za kampuni tupu, na kwa desturi hulipia kama dola 25,000 tu. Na kila aliyechangia mwanzoni ana haki ya kurudishiwa dola zake 10 kabla ya muungano asipoipenda kampuni iliyoletwa.

Nilichora hesabu ubaoni kwa wanachama kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Watu 100 wametoa dola 10 kila mmoja: kuna dola 1,000. Waanzilishi wana hisa 25 juu ya zile 100. Tayari nyuma ya kila hisa zimo dola 8, si 10. Sasa watu 80 wanachukua fedha zao na kuondoka. Zinabaki dola 200 na hisa 45. Gawanya, Mheshimiwa: dola 4 na senti 44 kwa hisa, na hapo mawakili na mabenki bado hawajalipwa. Lakini katika muungano hisa hiyo bado inahesabiwa kuwa ya dola 10. Na kuondoka kwa watu 80 kati ya 100 si mfano niliouchagua ili kutisha. Mwaka 2022 miungano mingi ya Marekani iliona watu wengi kuliko hao wakiondoka. Aliyeuza vitumbua hapa Kibaigwa akanunua hisa kupitia kompyuta ya kijana yule angekuwa miongoni mwa wale wanaobaki ndani, wala asingejua kwamba wengine walikuwa na mlango wa kutokea.

Nitoe mfano wa kampuni ambayo habari zake ziko wazi, na ambayo haihusiani na ile tuliyoletewa. Nauticus Robotics ilianzishwa mwaka 2014 karibu na Houston, Texas, na wahandisi waliowahi kufanya kazi NASA. Roboti yake, Aquanaut, huogelea ikiwa imefunga mwili, ikifika kazini hufunguka na kutoa mikono. Mpwa wangu alinionyesha picha zake zilizopigwa katika bwawa la mafunzo ya wanaanga, lenye kina cha mita 12 hivi, na nakiri nilizitazama mara tatu. Desemba 2021 ilitangazwa kwamba ingeungana na kampuni tupu iliyoitwa CleanTech Acquisition Corp., iliyokuwa na zaidi ya dola milioni 170 kwenye amana, na kampuni ya pamoja ikathaminiwa kwa karibu dola milioni 560. Septemba 2022 ikaanza kuuzwa kwenye soko la Nasdaq. Hisa ilishuka hadi chini ya dola moja, na kwa kuwa Nasdaq haivumilii hisa kukaa chini ya hapo, Julai 2024 kampuni ilizikunja hisa 36 kuwa moja. Aliyekuwa na hisa 360 akabaki na 10. Sisemi mtu aliiba. Kampuni ile imeendelea kupambana na bahari, na naitakia heri. Ninachosema ni kwamba bei ya siku ya kwanza ilikuwa imejaa kesho ambayo haikuwa imefika.

Makadirio yaliingiaje kirahisi hivyo? Marekani, kampuni inayouza hisa zake kwa umma mara ya kwanza kwa njia ya kawaida huogopa kutangaza mapato ya miaka ijayo, kwa kuwa sheria yao ya 1995 inayolinda utabiri wa kampuni haiifuniki. Ikikosea inaweza kushtakiwa. Wa njia ya muungano walijiona wamefunikwa, na wakachapisha majedwali ya miaka mitano bila hofu. Mwaka 2021 pekee kampuni tupu zaidi ya 600 ziliingia masoko ya huko. Ni Januari 2024 ndipo Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani ilipopitisha kanuni za kuwavua kinga hiyo na kuwalazimisha kueleza waziwazi waanzilishi wanapata nini na mwenye hisa anapunjwa kiasi gani. Wenzetu walijifunza kwa fedha za watu wao. Sisi tunaweza kujifunza bila kulipia.

Kibaigwa iko wilaya ya Kongwa, Mheshimiwa, na Kongwa si wageni wa majedwali. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa ukarudi na makadirio ya karanga: zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Hakuna aliyelima shamba la majaribio kwanza. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000, na zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Mibuyu ilishinda matrekta, udongo mwekundu ukikauka ukawa kama tofali, na mvua ikanyesha ilivyopenda yenyewe. Januari 1951 mpango ulifungwa, na pauni kama milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa kwenye vitabu. Marehemu baba yangu aling'oa visiki pale akiwa kijana. Alikuwa akitusimulia habari za mashine, chakula cha makopo, mishahara, na kila mara alirudia jambo moja: hakuna aliyemuuliza babu yake kuhusu mvua ya Kongwa. Na mzee alikuwepo, alikuwa anakaa mwendo wa nusu siku kutoka kambini.

Sokoni kwetu tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa, juu linashonewa kilemba, na anayepunjwa ni mkulima. Serikali iliipiga vita, ikataka mazao yapimwe kwa mzani. Naomba mzani huohuo kwenye hisa. Yeyote anayewashawishi Watanzania kununua hisa za kampuni inayoingia sokoni kwa muungano, iwe Soko la Hisa la Dar es Salaam au soko la nje, alazimike kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye sehemu mbili zisizochanganywa: kazi iliyokwisha kufanyika na kulipwa, na makadirio. Kwa kampuni ya roboti za baharini, sehemu ya kwanza iseme chombo kimefanya kazi ya malipo baharini kwa saa ngapi, kwenye kina gani, kwa mteja gani. Bwawani ni bwawani, paandikwe hivyo. Ukurasa huohuo useme, baada ya wanaoondoka kuondoka, nyuma ya kila hisa inabaki fedha taslimu kiasi gani. Na waliotia sahihi wawajibike kwa makadirio yao sawasawa na anayeuza hisa kwa umma kwa njia ya kawaida.

Kiswahili nakisisitiza. Tangu mwaka 2021 sheria zetu zenyewe zimetakiwa kuandikwa kwa Kiswahili. Itakuwa ajabu waraka unaomwomba mama lishe akiba yake ubaki Kiingereza.

Jambo la mwisho ni dogo kwa fedha lakini kubwa kwetu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anatufahamu, ndiye aliyetusaidia kusajili kikundi. Mpeni yeye na wenzake orodha ya mawakala na madalali wenye leseni, inayohuishwa kila mwezi, pamoja na namba ya simu inayopokelewa. Siku ile kijana aliponiambia karatasi haihitajiki, ningempigia mtu mmoja tu na mjadala ungekwisha kabla ya kura.

Najua utaambiwa masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Kijana yule tulimuuliza maswali mawili tu, na bado karibu nusu ya kikundi walikuwa tayari kumpa. Mwenye kazi ya kweli hataogopa ukurasa mmoja.

Wale 16 waliopiga kura ya ndiyo hawajakata tamaa, na siwalaumu. Wana njaa ya kitu kinachokua haraka kuliko mahindi. Wameomba suala lirudishwe kwenye kikao kijacho, na kwa katiba yetu siwezi kulizuia. Tunakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, nyuma ya maghala ya soko la nafaka. Kutoka Mtumba hadi hapa ni barabara moja ya lami. Nakuomba umtume afisa wako mmoja anayeijua hesabu ile ya dola 4 na senti 44 vizuri kuliko mimi, aje aieleze mbele yao. Ugali wa uwele na mlenda vitakuwepo.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu na mweka hazina wa kikundi,
Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa,
Dodoma.