Wadogo zangu mnaoikimbia baridi ya Julai

Kwa nyinyi mliostaafu mwisho wa Juni na mnaojiandaa kushuka pwani,

Hamjambo? Huku Buruburu tu wazima, ingawa jua tunalisikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa. Nimepata habari, kwenye chama na hata nje ya kanisa, kwamba wengi wenu mnataka kukodi nyumba Mtwapa, Malindi au Diani, mke na mume, mkae huko mpaka Septemba. Siwakatazi. Usiku wa Julai hapa Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na magoti ya mtu wa miaka sitini hayahitaji kuambiwa. Mombasa wakati huo huo usiku ni nyuzi 20 na kidogo. Mzee wangu nami tumekuwa tukishuka kila baridi ikianza tangu nilipovua sare ya uuguzi, kwa hiyo nina la kusema.

Pwani haimshindi mtu kwa joto wala kwa bei ya samaki. Inayomshinda ni ile siku yenyewe, toka alfajiri hadi saa tatu usiku, watu wawili, vyumba viwili, na hakuna anayekwenda kazini.

Hebu fikirini. Miaka yote hiyo bwana alikuwa akitoka nyumbani gizani ili aiwahi Barabara ya Jogoo kabla magari hayajasimama, na akirudi ni giza tena. Bibi naye hivyo hivyo. Ndoa nyingi za mji huu zimelelewa jioni na Jumapili. Sasa mnakwenda kutazamana kutwa nzima, mahali msipomjua jirani, na televisheni iko moja. Nimewaona watu wa heshima kabisa, waliokwenda kwa treni moja wakiwa wameshikana mikono, wakirudi kabla ya mwezi kwisha, kila mmoja na basi lake.

Gawaneni asubuhi. Hilo ndilo la kwanza na ndilo nitakalolirudia mpaka mnichoke. Kwetu, mzee huamka kwanza akachukua bakuli na kitambaa, akaenda kwa mama wa mbaazi aliye kwenye kona. Pwani mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi, na anayefika saa mbili na nusu hupata sufuria imeshakwanguliwa. Yule mama hutia upawa wa kwanza, akangoja tui litulie, akaongeza nusu nyingine kwa mteja anayemsalimia vizuri. Mzee wangu, ambaye Nairobi hakuwahi kujua jina la muuza mboga wetu, huko anajua watoto wa mama huyu wanasoma darasa gani. Hurudi amechelewa na maneno tele, nami nimeshapata saa yangu ya kimya. Baada ya chai tunaachana tena. Yeye huenda barazani kwa wazee wenzake, kwenye kahawa chungu na bao, na mimi huenda sokoni au bandani kwa wavuvi. Tukikutana adhuhuri tuna la kuelezana. Bwana atakayemfuata mkewe sokoni akimshikia kapu na kumkosoa bei, huyo arudishwe nyumbani mapema.

Saa yenu huko ni bahari, si ya ukutani. Wengi wa bara hatulijui hili, tunadhani maji yapo tu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua: maji hutoka mbali sana, na kwa upande wetu hukauka kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, kisha yakajaa hadi juu alasiri. Hapo katikati ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Kwa hiyo matembezi ya ufukweni hayawezi kuwa saa ile ile kila siku. Muulizeni mvuvi yeyote jioni, atawaambia kesho maji yatakuwaje bila kutazama kitu. Siku za bamvua mtawaona watu wakitembea kwenye miamba na vyuma vyao kutafuta pweza mashimoni. Mkitaka kufuatana nao, vaeni viatu vya mpira vinavyofunga kisigino, na wao wakigeuka kurudi, nanyi geukeni. Msibaki nyuma kupiga picha. Maji yakianza kuja hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo kati yenu na nchi kavu.

Tena mjue mnakwenda wakati wa kusi. Upepo huu huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, bahari huchafuka, mwani hutupwa ufukweni kwa mafungu, na vyombo vidogo havivuki mwamba kila siku. Ndiyo maana kuna asubuhi utafika bandani ukute mizani inaning'inia tupu, na siku hiyo mle kunde. Wageni wa Ulaya huja wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imelala. Waitaliano wa Malindi ndio wastadi wa jambo hili. Walianza kuizoea sehemu ile walipojenga kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, pale Ngomeni, na setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Leo wazee wao hukaa pale miezi ya baridi ya kwao kama sisi tunavyokaa miezi ya baridi ya kwetu, nyumba zile zile, kwa zamu. Nyinyi mkifika wao hawapo, na mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza bei. Lipeni kwa mwezi, msilipe kwa usiku kama watu wa hoteli. Mtwapa ni pazuri lakini muziki wake haulali, kwa hiyo ulizeni kwanza baa iko umbali gani.

Safari yenyewe haina shida siku hizi. Treni ya Syokimau, hapa Nairobi, inawafikisha Miritini, kituo cha Mombasa, kwa saa tano au sita, daraja la kawaida shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Wa Malindi wana kilomita kama 120 zaidi kutoka Mombasa, msipange kufika usiku.

Mchana, lala. Nasema hivi kwa sababu watu wa Nairobi huona haya kulala mchana, wanadhani mtu atawapigia simu. Kati ya saa sita na saa tisa hakuna la maana linalofanyika nje. Fungeni mapazia, vaeni leso, laleni. Saa kumi mtoke tena: mmoja akanunue viazi karai na bajia, mwingine ateke maji kabla hayajakatika. Jioni hii ndiyo yenu wawili, ile ya kutembea pamoja bila kusema sana. Taarifa ya habari ya saa moja, chakula chepesi, chandarua.

Chandarua nakitaja kama muuguzi. Pwani kuna malaria, na sisi tulioishi Nairobi miaka mingi hatuna kinga ya kuitegemea. Mlale ndani yake hata mkiambiwa msimu wa mbu umepita. Mwenye presha anayemeza ile dawa inayomfanya akojoe kila saa, amwone daktari kabla ya kuondoka, kwa sababu jasho la pwani na dawa ile vikikutana mtu huanguka akiinuka kitandani. Asipunguze dawa mwenyewe. Mwenye sukari, insulini usiyoifungua ikae kwenye friji, na unayoitumia isipate joto la kupita nyuzi 30. Stima ikipotea, itie kwenye chombo kilichofungwa vizuri, ukiweke ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Msiiache kwenye gari hata dakika za kununua madafu.

Watoto wenu watawapigia simu shule zikifungwa Agosti. Watasema wajukuu wanataka kuona bahari. Wapokeeni kwa wiki moja, na muiseme hiyo wiki kabla hawajapanda treni.

Kuna la ardhi. Baada ya mwezi mmoja dalali atawakalisha chini ya mwembe na kuwaonyesha ploti ya mtazamo wa bahari. Kiinua mgongo chenu bado ni kibichi na yeye analijua hilo. Kwa msimu wa kwanza kodini tu. Mwaka unaofuata mkiwa bado mnapapenda, nendeni kwanza kwenye ofisi ya ardhi mkaitazame hati hiyo ni ya nani.

Na salamu, jamani. Sisi tumezoea kusema shida yetu kabla ya kumtazama mtu usoni. Huko mtu mzima huamkiwa, akaitika, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo bei ya nyanya itajwe. Akina baba, kaptura ni za ufukweni. Ukiingia mji wa kale au kupita karibu na msikiti, vaa suruali au kikoi.

Mkirudi Nairobi, na homa ikawapata ndani ya mwezi wa kwanza, msiseme ni mafua ya kubadilisha hewa. Nendeni mkapimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari mlikuwa pwani, maana hapa hatakisia mwenyewe.

Ni mimi dada yenu mkubwa,
Muuguzi mstaafu, Buruburu