Mashati yasiyokunjamana yametiwa dawa, mbona hamkusema?

Mhariri,

Makala yenu ya mashati ya shule yasiyokunjamana ilisifu jinsi mzazi atakavyopumzika kupiga pasi. Dawa iliyomo haikutajwa hata kwa neno moja. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, lakini mimi ni fundi wa sare na hili limenishinda kunyamaza.

Pamba kwa asili yake hukunjamana. Isiyokunjamana imetiwa dawa, mara nyingi iitwayo DMDHEU, inayotengenezwa kwa formaldihaidi, kemikali yenye harufu kali. Kitambaa huchovywa, hukaushwa, kisha hupitishwa kwenye moto wa sentigredi 150 au zaidi ili dawa ishikamane na pamba. Kazi ikilipuliwa, formaldihaidi huendelea kutoka, na joto na unyevu huizidisha. Dar es Salaam vyote viwili tunavyo.

Mwaka jana nilinunua majora ya kitambaa hicho, cheupe, yakalala dukani wakati wa masika. Tulipoyafungua macho yalituwasha, na binti ninayemfundisha kazi alikohoa mpaka akakimbilia nje. Aliyekuwa anapiga pasi akatoka vipele mikononi. Kisha mama mmoja akanirudishia shati la mwanawe wa darasa la kwanza, mtoto amejikuna shingo na makwapa mpaka ngozi imechubuka, ananiuliza mbele ya wateja nimemtilia nini mwanawe! Muuzaji wa jumla akanijibu kwamba hiyo ni harufu ya upya. Upya gani unaotoa watu vipele? Japani tangu miaka ya 1970 sheria inataka formaldihaidi isionekane kabisa kwenye nguo za watoto wachanga, na kwenye nguo za ndani za wakubwa isizidi sehemu 75 kwa milioni. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Sisi tunaambiwa ni upya!

Tena dawa hiyohiyo huidhoofisha pamba, kola na viwiko vikachanika mapema. Afadhali mtumba, umeshafuliwa mara nyingi.

Na lebo zenyewe! Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, halafu tunanunua nguo zenye maelezo ya Kichina ambayo mzazi hawezi kuyasoma.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilazimishe lebo ya Kiswahili ndani ya kola, herufi zisipungue milimita 3: "Imetiwa dawa ya kuzuia mikunjo. Fua kabla ya kuvaa." Nanyi yachapisheni maneno hayo ukurasa uleule mliotoa picha ya shati, kabla shule hazijafunguliwa.

Fundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam