Risala ya Kikundi cha Watembeza Wageni kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Milango na Mikoko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha wa Shehia yetu,
Wazee wetu, walimu na wanafunzi wa skuli,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kwetu huku kusini. Tunajua mialiko ni mingi na siku ni chache. Karibu sana, hapa ni kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na watu sita na baiskeli mbili. Leo kina wanachama 23, kati yao wanawake 11. Kazi yetu ni safari ya siku moja tunayoiita Milango na Mikoko. Mgeni tunaanza naye Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Anatazama milango ya kuchonga akiwa njiani, kwani sanaa hii ilikusudiwa ionwe na mpita njia: nyororo zinazozunguka fremu, samaki, mawimbi na mayungiyungi, na vifundo vya shaba vilivyochongoka. Kisha tunampeleka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuona sanamu za watu watano waliotiwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Uswidi iliyokamilika mwaka 1998. Hapo tunaeleza kwa ufupi, halafu tunanyamaza. Baada ya mji tunapita msitu wa Jozani kumtazama kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, na safari inamalizikia hapa kwetu, kwenye daraja la mbao la mikokoni.

Wengi hawajui kwamba safari hii hupangwa na maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupungua sana, hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri, kwa hiyo mjini tunakwenda asubuhi na mikokoni tunaingia maji yakipanda. Siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupungua kidogo tu, tunageuza, tunaanza na mikoko, na mgeni tunamwambia mapema kuwa maji hayatafika kwenye mikandaa, mikoko ya aina nyingine iliyo juu. Kati ya bamvua na maji mafu, kila siku saa inasogea mbele kwa takriban dakika 50. Dereva asiyelijua hili humleta mgeni kwenye tope tupu, na lawama tunabeba sisi.

Mafanikio yetu ni makubwa, Mheshimiwa. Tumejenga choo cha matundu mawili kilichoezekwa bati. Tumeweka vibao 14 vyenye majina ya miti, ili mtoto wa skuli aweze kutofautisha mkoko, mchu, muia, mlilana na mkomafi bila kuuliza. Na nguzo za kushikia mkono katika mita 88 za mwanzo wa daraja zimechongwa na mafundi wa kijiji hiki kwa nakshi zile zile za milango ya mjini, hivyo samaki na wimbi alioviona mgeni asubuhi kwenye mti mkavu anavikuta tena hapa, maji yakipita chini yake. Kazi hii tunajivunia kuliko zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize katika jambo moja.

Daraja letu lina mita 160. Mita 72 za mwisho, zinazofika kwenye baraza la kutazamia ghuba, zimefungwa kwa kamba. Mgeni analipia safari nzima, anasimamishwa kabla ya kuiona bahari. Kina mama wanaokwenda kwenye mwani nao wanapita topeni, wamebeba mizigo kichwani.

Sababu ya kuharibika tunaijua. Sehemu ile ilijengwa kwa msaada, kwa mbao laini na misumari ya kawaida, na mbao zikabanwa bila nafasi. Msumari ukishikwa na chumvi hushika kutu, kutu huvimba, mbao inapasuka na maji yanaingia ndani. Masika yalipokuja, mbao zilizokosa nafasi zilivimba zikainuana. Nguzo nazo zimeliwa katikati, pale maji yanapopanda na kushuka, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Kwa nje nguzo inaonekana nzima. Ukiigonga nyundo inalia kama ngoma. Haya tungeyasema kabla ya ujenzi, lau tungeulizwa.

Tangu hapo tumepokea wageni rasmi watatu. Wa kwanza alituahidi mbao. Wa pili aliahidi saruji, akasema ndani ya mwezi mmoja. Wa tatu alilipima daraja kwa hatua zake mwenyewe na akaandika ahadi yake katika kitabu cha wageni. Kitabu kipo mezani mbele yako, na kurasa tumeziwekea alama. Hatusemi haya kwa kumvunjia mtu heshima. Tunayasema kwa sababu wanachama wetu wamechoka kuandika risala moja kila mwaka kwa kubadilisha jina la mgeni.

Safari hii hatuombi fedha taslimu wala ruhusa ya kukata mikoko. Tunaomba vifaa vifike hapa kijijini. Nguzo zitasimama mbili mbili kila baada ya mita 2, jumla nguzo 74 za mita 3, nusu yake ndani ya tope. Kila nguzo ni bomba la plastiki la inchi 6 lililojazwa zege, na bomba linabaki hapo hapo kuizuia chumvi isifikie nondo. Mabomba 37 ya mita 6 yanatosha, pamoja na saruji mifuko 32, na nondo 74 za milimita 10 zenye urefu wa mita 12. Zege tutachanganya saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto tatu, kwa maji ya kisima na mchanga usiotoka ufukweni. Juu tunahitaji mbao ngumu 150 za inchi 2 kwa 6, futi 12 kila moja. Tutazikata vipande vitatu vitatu na kuviacha nafasi ya sentimita 1. Skurubu ziwe 1,800 za chuma kisichoshika kutu. Kama ni za kawaida, tunaomba kwa heshima zisiletwe. Mihimili na mafuta ya mbao tutanunua wenyewe, na nguvu kazi yote ni yetu, siku za bamvua maji yakikupwa.

Orodha tumeiandika nakala tatu: yako, ya Sheha na yetu. Tunaomba uisaini leo na kutaja tarehe ya vifaa kufika, kabla ya masika.

Leo ni bamvua. Maji yako chini mpaka karibu saa sita. Tunakuomba, kabla ya chakula, ukubali kutembea nasi hadi kwenye kamba ile. Viatu vya topeni tumekuandalia, na nyundo ya kugongea nguzo ipo.

Tunaomba kuwasilisha.